Harage la Daktari, Punje Yangu

“Harage gani?” nilimuuliza daktari kwa mara ya tatu. “Kuna la njano, kuna jekundu, kuna lile dogo jeusi linalopotea kwenye ungo. Uliandika ‘kama harage’. Nataka kujua lipi.”

“Harage ni harage, mama.” Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba changu, mkono mmoja mfukoni mwa koti, mwingine umeshika kadi ya mgonjwa. “Mimi niliandika harage wiki sita zilizopita. Wewe ukaandika punje ya mahindi wiki tatu zilizopita. Huu si mwandiko wako?”

“Ni wangu.”

“Na punje ya mahindi si ndogo kuliko harage?”

“Inategemea.”

“Haitegemei kitu. Kidonda kinapungua. Umeandika mwenyewe hapa, ‘Kinaendelea vizuri.’ Sasa leo unaniletea habari za rufaa. Kidonda kinachopungua hakipelekwi popote, kinaachwa kipone.”

Nyuma yangu mgonjwa mwenyewe alikuwa amelala kwenye kiti, kifua kimefunikwa kwa plastiki ya bluu, taa imewashwa usoni. Ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, fundi cherehani. Alinyanyua kichwa.

“Samahani,” alisema. “Mnazungumza habari za ulimi wangu au mnataka kupika?”

“Lala, wifi,” nilimwambia.

“Nimelala. Nauliza tu, nijue kama niwashe jiko.”

Ngoja nieleze, maana kwa mtu wa nje jambo hili linaonekana la kijinga, na kwa kweli ni la kijinga. Kliniki yetu ina viti viwili, cha daktari na changu. Yeye ana shahada. Mimi ni tabibu wa meno mwenye stashahada, miaka kumi na tisa kazini, watoto wanne nyumbani. Kwenye kadi zetu meno yamechorwa yote thelathini na mawili, kila moja na kisanduku chake. Ulimi, mashavu, kaakaa, ufizi na midomo vimepewa mstari mmoja, mfupi kama mahali pa sahihi. Mgonjwa anakuja na jino, tunaangalia jino. Tukiona kitu kwenye nyama laini ya kinywa, tunabana maneno mawili matatu kwenye mstari ule, na ukubwa tunaupima kwa jicho: punje ya mchele, dengu, punje ya mahindi, harage. Nani alianza sijui. Niliukuta mtindo huo nikauvaa, kama nilivyovaa koti la kazi nililolikuta msumarini. Ukizikusanya kadi zetu za mwaka mmoja unaweza kulisha shule ya bweni.

Kifaa cha kupimia kipo. Ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, cha kupimia kina cha fizi. Tunacho kimoja. Kinakaa kwenye droo ya daktari, na kila kikitumika lazima kirudi kwenye mashine ya kutakasia kabla hakijaingia kinywa kingine. Kwa hiyo tunatumia jicho.

Nyumbani siko hivyo. Mtoto akiniambia amekula kidogo, namuuliza vijiko vingapi. Akisema ana homa, naweka kipimajoto kwapani na ninasimama hapohapo mpaka kilie. Kazini nikawa naandika mahindi.

Wifi alikuja mara ya kwanza wiki sita zilizopita. Gego lake la chini kushoto lilikuwa limemeguka, limebaki na ncha, na pembeni mwa ulimi, pale pale ncha inapogusa, palikuwa na kidonda. Daktari alisawazisha ile ncha. Hapo hakukosea, na mimi ningefanya hivyohivyo. Akamwambia arudi baada ya wiki mbili, kwa sababu kidonda cha kukwaruzwa, ukishaondoa kinachokwaruza, hufunga katika muda huo. Kisipofunga, hapo kuna swali jingine.

Alirudi baada ya tatu. Alikuwa na sare za shule nzima, muhula unaanza. Daktari alikuwa mkutanoni, nikampokea mimi, na aibu yangu ndiyo hiyo. Mume wangu alikuwa ametengeneza bomba la jikoni mwenyewe siku mbili kabla, na sufuria zilikuwa zimeelea. Wifi alitaka kusikia yote, na mimi nilitaka kuyasimulia yote. Tulicheka mpaka machozi. Ulimi nikauangalia kwa muda wa kuwasha kiberiti, nikaandika: “Kidonda kipo, kama punje ya mahindi. Kinaendelea vizuri.” Nikamwambia ahsante kwa kuja, asalimie. Angekuwa mgeni ningemkagua. Kwa kuwa ni wifi, niliongea naye.

Jana jioni nilipita kwake kuchukua sketi ya binti yangu. Alikuwa amepiga magoti anapinda gauni la mteja, pini zimebanwa midomoni kama kawaida yake. Nimemjua miaka ishirini na miwili, na pini zake siku zote zinakaa kona ya kushoto. Jana zilikuwa kulia. Nilimtazama pini ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote kutoka kulia.

“Tangu lini umehamisha pini?” nilimuuliza.

“Upande ule unanisumbua,” alisema, bila kugeuka.

Nilirudi nyumbani na sketi na usingizi sikuupata wote. Asubuhi nilimfuata kabla hajafungua duka.

Sasa daktari alikuwa anatikisa kichwa.

“Mama, nakuheshimu,” alisema, na mtu akianza hivyo ujue heshima imefika ukingoni. “Lakini leo unaona kwa jicho la wifi, si la tabibu.”

“Jicho la wifi lilikuwa wiki tatu zilizopita, ndiyo maana likaona mahindi. Leo nimekuja na lile jingine.”

“Unajua tumerudishiwa wagonjwa wangapi?”

Nilijua. Hospitali ya rufaa ilikuwa imetuandikia barua mwezi uliopita. Wagonjwa watatu tuliowapeleka walifika na karatasi zilizosema “kidonda mdomoni, tafadhali msaidie”, wakakaa kwenye foleni siku nzima, wakarudishwa waje na maelezo. Barua ilikuwa fupi na haikuwa na matusi, lakini kila mstari wake ulikuwa kofi. Daktari aliibandika ndani ya kabati lake, upande wa ndani wa mlango, mahali anapoiona yeye peke yake anapochukua glavu. Tangu siku hiyo hakusaini rufaa hata moja.

“Walirudishwa kwa sababu tuliandika upuuzi,” nilisema.

“Na leo utaandika nini? Kwamba kilikuwa harage, sasa ni mahindi, tafadhali msaidie?”

Hapo alinishika, na alijua amenishika. Nikachukua karatasi tupu mezani nikamwekea kwenye trei, pamoja na kalamu.

“Chora harage lako.”

“Unataka nini?”

“Chora, daktari. Lile uliloliona siku ile. Ukubwa wake halisi.”

Alichora, nadhani ili tu nimwache. Kando yake nikachora punje yangu. Kisha nikatoka mpaka chumbani kwake, nikafungua droo, nikarudi na kile kijiti cha alama kikiwa bado kwenye mfuko wake wa kutakasia. Nikakilaza juu ya karatasi bila kuufungua mfuko, alama zikisomeka kwa juu ya plastiki. Harage lake lilikuwa milimita tano. Punje yangu ilikuwa tisa.

Nikakizima kimrija cha kunyonya mate kilichokuwa kinavuta hewa bure.

“Kwa hiyo kimekua,” alisema wifi kutoka kwenye kiti. Hakuna alichokosa, yule.

“Hatujui,” nilimwambia. “Hizi ni picha za vichwani mwetu, za wiki sita na wiki tatu. Mimi siwezi kuapa kwa hii tisa, na yeye hawezi kuapa kwa hiyo tano. Lakini ile habari ya kupungua ifutwe. Haina miguu.”

Daktari aliiangalia ile karatasi muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ni kijana mwenye akili, nisimwonee. Ana umri wa mdogo wangu wa mwisho. Shida yake ni kwamba hapendi kukosea mbele ya mtu, na siku hiyo walikuwepo wawili.

“Basi pima,” alisema mwishowe. “Tumalize.”

“Napima. Wewe unaandika.”

“Mimi?”

“Mikono yangu itakuwa mdomoni mwa mtu. Vuta stuli.”

Akavuta. Nilivaa glavu mpya, nikasogeza taa, nikachukua kipande cha shashi nikakikunja mara mbili. Ulimi ni mtelezi; ukiushika kwa glavu tupu unakukimbia. Ukiushika ncha kwa shashi na kuuvuta taratibu kwenda kulia, upande wote wa kushoto unafunguka mpaka nyuma, mahali ambapo macho ya haraka hayafiki.

“Toa ulimi, wifi. Zaidi. Usinicheke.”

“Aah,” alisema, kwa maana aliyokusudia yeye.

“Mahali,” nilimwambia daktari. “Ulimi, ukingo wa kushoto wa mgonjwa. Andika ‘wa mgonjwa’, mtu asije akasimama mbele yake akauita kulia. Theluthi ya kati, mkabala na gego la pili la chini.”

Kalamu ikakwaruza.

Nikaupasua mfuko, nikakilaza kijiti kando ya kidonda, nikasoma, nikakigeuza, nikasoma tena. Nilisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikupenda nilichokiona.

“Ukubwa. Mbele kwenda nyuma, milimita kumi na moja. Juu kwenda chini, saba.”

Hakuandika papo hapo. Nilingoja mpaka nikasikia kalamu.

“Umbo, duaradufu. Kingo zimeinuka na kujiviringa, si bapa. Katikati pamechimbika, pana utando wa njano na kijivu. Kuzunguka kuna wekundu, na upande wa mbele kuna doa jeupe, milimita nne kwa tatu.” Nikasugua lile doa kwa shashi safi. “Doa jeupe halifutiki.”

“Halifutiki,” alirudia, akiandika.

“Wifi, hapa panauma?”

Alitikisa kichwa kuwa hapana.

“Hapa?”

Hapana.

“Kidonda hakiumi kikiguswa. Kinatoa damu kidogo…” Nikajisikia mwenyewe. “Futa ‘kidogo’. Tone moja, limekoma kwa kubanwa nusu dakika. Sasa ugumu.”

Niliweka kidole cha shahada juu ya kidonda na cha gumba chini ya ulimi, nikabana polepole. Nyama ya ulimi inafahamika, mtu yeyote anaweza kuipima kwa wa kwake. Inakubali kidole. Pale kwenye ukingo wa kidonda haikukubali.

“Ukingo ni mgumu,” nilisema.

“Mgumu kiasi,” alisema akiandika.

“Kiasi gani?”

“Mama, si ni neno tu.”

“Ndiyo, ni neno. Vaa glavu ushike mwenyewe.”

Nilidhani atakataa. Aliweka karatasi kwenye trei, akavaa glavu, akaja upande wangu. Nilimpisha nikaendelea kuushika ulimi kwa shashi. Aliweka vidole pale vilipokuwa vyangu, akabana. Akasogeza milimita chache nyuma, akabana nyama nzima. Akarudi. Alifanya hivyo mara tatu. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi kwamba niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu.

Alipotoa mkono, alikuwa amebadilika rangi.

“Bana sikio lako hapa juu,” aliniambia, sauti imeshuka. “Hapa penye gegedu.”

“Ndiyo.”

“Ni hivyo.”

“Basi andika hivyo. ‘Mgumu kama gegedu la sikio.’ Hilo kila mtu anabeba mawili, halitofautiani kama maharage.”

Aliandika. Nikauachia ulimi, nikapapasa chini ya taya, kulia kwanza, kisha kushoto. Kushoto kulikuwa na tezi moja. Inasogea, haiumi, milimita kumi kwa kukisia, na nilimwambia aandike hilo neno, kwa kukisia, kwa sababu kile kijiti hakipimi kupitia ngozi. Baadaye nikamuuliza wifi kama naweza kupiga picha. Alikubali kwa sharti asionekane pua. Nikapiga mbili, kijiti kikiwa kando ya kidonda, alama zikionekana.

“Kilianza lini?” nilimuuliza alipoketi. “Usiniambie ‘siku nyingi’.”

Akapapasa shingoni kutafuta futi yake, ambayo hamna saa hajaivaa. Anaishika anapofikiri, kama wengine wanavyoshika rozari au tasbihi.

“Nilikuwa nakata kola za bluu,” alisema. “Kola nilianza Jumatatu baada ya mwisho wa mwezi. Sio huu, wala ule. Ule mwingine.”

Daktari alihesabu kwenye kalenda ya ukutani. “Wiki tisa.”

“Na ncha ya jino iliondolewa lini?” nilimuuliza daktari, ingawa nilijua.

“Wiki sita.”

“Na kidonda cha kukwaruzwa, ukiondoa kinachokwaruza?”

“Mbili,” alisema. Alivua glavu, akazikunja moja ndani ya nyingine. “Wiki mbili. Najua, mama. Nilisoma.”

“Najua ulisoma. Nakukumbusha kwa sababu mimi nilisoma pia, na nikasahau.”

Wifi alikuwa anatutazama kwa zamu, kama mtu anayetazama watu wakirushiana mpira.

“Kubwa hilo dude?” aliuliza.

“Kumi na moja kwa saba.”

Alishika futi, akahesabu vijistari kwa ukucha, akabana hapo kwa vidole viwili, akaangalia.

“Hicho ni kifungo cha shati,” alisema.

“Wifi, usituletee tena…”

“Kifungo cha shati ni milimita kumi na moja na nusu. Duniani kote. Mimi vifungo nanunua kwa namba, sinunui kwa maharage.” Akaiachia futi ikaning’inia. “Mimi kiuno cha mtu nakipima kwa futi, na akinenepa nampima upya. Nyinyi wenye makoti meupe mnapima ulimi wangu kwa mahindi. Ningewashonea hivyo, mngetembea uchi.”

Daktari aliinamisha kichwa. Nadhani alicheka, lakini siwezi kuliandika hilo kwa hakika.

Kisha wifi akaacha mzaha. Alilitamka neno lenyewe, lile ambalo watu hulizunguka. “Ni saratani?”

“Sijui,” nilimwambia. “Na hapa hakuna anayeweza kujua. Watakata kipande kidogo, kikubwa kama…” Nikajizuia. “Milimita nne hivi. Wataua ganzi kwanza, kama tunavyoua hapa. Kitakwenda maabara. Maabara ndiyo inajua.”

“Ganzi haiuawi,” alisema. “Ganzi ndiyo inayoua maumivu. Umechanganyikiwa, wifi.”

Kweli nilikuwa nimechanganyikiwa. Nilivua glavu nikanawa mikono, na nikanawa muda mrefu.

“Basi Jumatatu,” alisema nyuma yangu. “Nina sare arobaini na mbili zimebaki, na mwalimu mkuu anapiga simu kila saa. Nikimaliza, Jumatatu asubuhi nakwenda mwenyewe. Hata usinisindikize.”

“Leo.”

“Wifi, kimekaa wiki tisa. Siku nne zitakifanya nini?”

“Mara ya kwanza uliambiwa wiki mbili ukaja ya tatu. Wiki ile ya tatu mimi nikakupotezea nyingine tatu. Hatuna zawadi nyingine ya kukipa.”

“Na sare?”

“Watoto watavaa za zamani.”

“Zinawabana.”

“Zitawabana.”

Alishuka kwenye kiti, akajifuta mdomo, akatafuta viatu vyake kwa miguu.

Daktari alikuwa ameketi mezani kwangu na barua ya rufaa mbele yake, haijaandikwa. “Watauliza,” alisema. “Kadi inakwenda pamoja na barua. Wataona harage, wataona punje, wataona ‘kinaendelea vizuri’. Watadhani kidonda kinapona na tumewatupia mzigo. Watamrudisha.”

“Lete hiyo kadi.”

Nilipofunzwa kazi, mwalimu wetu alituambia mambo mengi, na mengi nimeyaacha njiani. Moja sikuliacha: kwenye kadi hakufutwi, hakubandikwi, hakukwanguliwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja, neno la zamani libaki linasomeka, unaandika la kweli na jina lako na tarehe. Nilikuwa sijawahi kulifanya kwa ajili ya maneno yangu mwenyewe. Nilipiga mstari juu ya “Kinaendelea vizuri”. Pembeni, kwa herufi ndogo kwa sababu mstari ule ni mfupi, nikaandika: “Ukubwa ulikisiwa kwa jicho. Kidonda hakikupimwa wala kushikwa. Kauli hii isitumike kuonyesha kwamba kinapona. Kosa ni langu.” Nikaweka sahihi.

Nikamsogezea daktari kalamu.

Aliitazama kalamu, akanitazama mimi. “Unajua kadi hii inakaguliwa.”

“Nimeshasaini. Nimekwisha kukaguliwa.”

Wifi, ambaye hana stashahada wala shahada, alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Alisema bila kuinua kichwa, “Daktari, mimi nikikosea mkono wa koti naufumua. Unauma, lakini koti linakaa.”

Daktari alichukua kalamu. Alipiga mstari juu ya harage lake, mstari mmoja, ulionyooka, akaandika pembeni na kusaini. Kisha akaivuta barua na kuanza kunakili yale aliyoyaandika nikimsomea: ukingo wa kushoto wa mgonjwa, kumi na moja kwa saba, kingo zilizoinuka, doa jeupe lisilofutika, mgumu kama gegedu la sikio, tezi moja kwa kukisia, wiki tisa tangu kuanza, wiki sita tangu jino kusawazishwa. Hakuna “tafadhali msaidie” popote. Mwishoni aliandika: “Tunaomba achukuliwe kipande cha uchunguzi.” Alipofika kwenye muhuri aliugonga kwa nguvu mpaka kalamu ikaruka mezani.

“Wapigie simu kabla hatujafika,” nilimwambia. “Wasomee vipimo. Wakisikia namba hawatauliza harage.”

“Ninapiga sasa hivi,” alisema, na akawa tayari ameinua simu. “Na wagonjwa wako?”

“Wako tisa nje. Ni wako.”

“Mama, nina wangu kumi na moja.”

“Basi ni ishirini. Na kila mmoja umwinue ulimi, na kile kijiti kikitoka kwenye mashine kikae juu ya meza, siyo kwenye droo.”

Nilivua koti la kazi nikalitundika msumarini. Nilichukua barua, kadi, na simu yenye zile picha mbili. Mapokezi nilimwambia dada wa dawati kwamba natoka na sitarudi mpaka mchana, aandike hivyo, na aandike saa. Aliuliza naenda wapi. Nikamwambia. Aliangalia ukutani akaandika saa tatu na dakika kumi na saba, na nilifurahi kwamba hakuandika saa tatu na kitu.

Nje jua lilikuwa limeshapanda. Wifi alisimama kwenye ngazi, mkono shingoni, anaangalia upande wa duka lake. Kutoka pale unaliona, mlango wa mbao wenye kufuli, na mwanamke mmoja tayari amesimama mbele yake na mfuko wa kitambaa.

“Ngoja nimwambie tu,” alisema. “Dakika moja.”

“Mpigie simu tukiwa njiani.”

“Ana gauni la…”

“Wifi.”

Aliniangalia. Kisha akaivua futi shingoni, akaikunja polepole mpaka ikawa kiviringo kidogo, akanipa.

“Shika wewe,” alisema. “Nikibaki nayo nitarudi dukani.”

Nikaitia mfukoni pamoja na barua, nikamshika kiwiko, tukavuka barabara.